Mpima Mvua wa Daa

Clemensi Tlehhema hakuanza kupima hewa kwa kutafuta sifa. Alianza kwa sababu ya kukaa. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa stoo katika shamba kubwa la kahawa chini ya mlima Oldeani, kwanza kwa mzungu mwenye shamba, kisha kwa serikali baada ya mzungu kuondoka. Siku moja lundo la magunia likamporomokea na kumvunja nyonga. Hospitali walimuunga kadiri walivyoweza, lakini mguu wa kushoto ulirudi mfupi kuliko mwenzake, na yeye akarudi Daa, kwenye ardhi aliyorithi pamoja na mdogo wake Martini.

Daa ni nchi ya jembe. Mwanamume huheshimiwa kwa shamba lake na kwa ng'ombe wake, na asiyeweza kuinama hubaki nyumbani na kuku. Clemensi alibaki na kuku. Mkewe, Antonia, ndiye aliyepalilia na kuvuna. Martini naye kila msimu alileta jozi yake ya maksai akawalimia sehemu yao kabla ya kugusa ya kwake, na hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Hapo ndipo palipouma. Laiti Martini angejisifu kidogo, Clemensi angepata pa kukasirikia.

Katika kukaa huko ndipo alipokumbuka barometa. Mzungu alikuwa amempa siku ya kufungasha, akisema huko aendako zipo tele. Kilikuwa chombo cha shaba, duara kama sahani, chenye kioo na mshale mwembamba. Maneno ya Kiingereza yalizunguka pembeni, na Clemensi alikwisha elezwa zamani maana yake: huku tufani, hapa mvua, hapa mabadiliko, kule kweupe, na mwisho kabisa ukavu. Kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimelala sandukuni chini ya suti yake ya harusi. Alipokitundika ukutani sebuleni, mshale ukaanguka mpaka kwenye tufani na kukwama pale, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Alijua sababu. Chombo kilitengenezwa kwa watu wanaoishi karibu na bahari, na huku kwenye miinuko hewa ni nyepesi. Nyuma yake kulikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia. Akaizungusha kwa ncha ya kisu mpaka mshale ukasimama kwenye mabadiliko, akaona panafaa. Alikisia tu. Hakuwa na chombo kingine cha kulinganishia, na wala hakumwambia mtu kwamba amekisia.

Barometa ikamwita mwenzake. Clemensi alishuka Karatu mjini akiegemea mkongojo, akaenda kwa Hamidi, fundi wa bati aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, akamwagiza mkebe mrefu wenye faneli juu. Hamidi alidhani ni wa kupimia mafuta ya taa, akauliza utawekwa kibao gani cha bei. Alipoambiwa ni wa kupimia mvua alisema kwamba mvua ndiyo bidhaa pekee ambayo serikali haijaipangia bei, na akautengeneza vizuri, ukingo ukiwa umekunjwa sawasawa usikate mkono. Kutoka kwenye stoo ya zamani Clemensi alikuwa na vipimajoto viwili. Akavitengenezea kibanda cha mbao juu ya miguu minne, kuta zake vipande vilivyolala kwa mshazari, kimoja juu ya kingine, ili upepo upite na jua lisiingie. Rangi haikupatikana madukani, kama vile sabuni na sukari zilivyokuwa hazipatikani miaka ile. Akakipaka chokaa iliyobaki kanisani. Mwisho akasimamisha mlingoti na juu yake mkia wa bati unaogeuka, wa kuonyesha upepo unatoka wapi.

Martini alipopita na maksai wake na kukiona kibanda cheupe katikati ya ua, aliuliza nyuki wataingia lini. Jina likashika. Watoto wa jirani waliita mahali pale kwenye mizinga ya Clemensi, na watu wazima nao wakaita hivyohivyo, bila ubaya. Clemensi hakujali. Asubuhi alipoamka sasa alikuwa na pa kwenda, hata kama ni hatua chache kutoka mlangoni. Alisoma joto, akamimina maji ya mkebe kwenye kikombe cha kioo alichoomba zahanati, akatazama mkia wa bati, akarudi ndani kugonga kioo cha barometa kwa kidole. Yote aliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala. Antonia alisema ni afadhali mkaa kuliko pombe.

Kilichombadilisha Clemensi ni mvua moja ya mwezi wa sita. Mwezi huo Daa hupata ukungu na manyunyu, si mvua ya maana, na Martini alikuwa ameanika maharage yake yote uani. Adhuhuri Clemensi aliona mkia wa bati umegeukia upande ambao haukuwahi kugeukia majira yale, na mshale wa barometa umeanguka chini kuliko kawaida yake. Akachechemea mpaka kwa mdogo wake, akamwambia aingize maharage. Martini alicheka, lakini kwa kuwa ni kaka yake aliyesema, akamwita mkewe Cresensia na binti yao mkubwa Lusia, wakabeba. Walikuwa wakimalizia turubai la mwisho mvua ilipopiga, mvua ya mawe, ikatandaza shamba la ndizi la jirani kama lililokanyagwa na nyati.

Jumapili iliyofuata Martini alisimama nje ya kanisa akawasimulia watu, na kwa kuwa alikuwa mcheshi, aliisimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za nyuki. Watu walianza kupita. Mmoja alitaka kujua kama afyatue tofali wiki hii, mwingine ana harusi, mwingine ana paa lililoezuliwa. Antonia aliongeza benchi sebuleni. Clemensi, ambaye kwenye vikao vya ukoo alikuwa amezoea kukaa karibu na mlango, sasa aliachiwa kiti chenye mgongo. Mwanzoni aliwaambia kwamba yeye hupima kilichokwisha kunyesha, hatabiri kitakachonyesha. Waliitikia kwa heshima, kisha wakauliza tena swali lilelile. Taratibu aliacha kusema hivyo. Aligonga kioo, akakunja uso, akajibu. Alipopatia, walikumbuka. Alipokosea, walisema hewa imegeuka ghafla.

Antonia aliyaona yote hayo. Jioni moja wageni walipoondoka alimwambia mumewe kwamba siku hizi anaongea kuhusu mvua kama vile ni yeye anayeihifadhi. Clemensi akazima taa. Akaenda kulala akiwa amenuna, na asubuhi akaamka bado amenuna.

Lakini lipo jambo moja Antonia hakulijua. Clemensi alikuwa karani, na karani hata akiacha kazi macho yake hubaki kazini. Kule ghalani alikuwa ameanza kuandika mshale wa barometa mara kadhaa kwa siku badala ya asubuhi tu, na ukutani kukajitokeza kitu kilichomfadhaisha. Asubuhi mshale ulipanda. Alasiri ulishuka. Jioni ukapanda tena. Ilifanya hivyo siku ya mvua, ikafanya hivyo siku ya jua, ikafanya hivyo wiki nzima ya vumbi, kama mtu anayepumua usingizini. Kule kushuka alikokuwa akiwaonyesha watu alasiri kwa kidole, wakati waliopendelea kuja baada ya kazi, hakukuhusu mvua hata kidogo. Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Kisha akafunga mlango wa ghala, na wageni walipokuja siku hiyo aliwaonyesha mshale umeshuka.

Mwaka uliofuata ulianza vibaya. Vuli ilikuwa haba, na Februari nzima upepo ulipuliza udongo mwekundu kutoka mashambani mpaka ukaingia kwenye unga. Wamasai kutoka pande za Kakesio walipita wakiwaswaga ng'ombe waliokonda, wakipanda kuelekea kwenye ukungu wa msitu wa Ngorongoro kutafuta chochote kilicho kibichi. Mmoja wao, Koinet, aliomba maji kwa Antonia, akasema huko kwao hata majani makavu yamekwisha, na kwamba tangu azaliwe hajaona wazee wakihama mapema namna ile. Clemensi alikuwa uani. Alimsikia vizuri.

Halafu, mwanzoni mwa Machi, mvua ikanyesha. Ilinyesha usiku mzima na mchana uliofuata, mkebe wa Hamidi ukajaa nusu, na Daa yote ikanuka udongo. Watu walitoka wakasimama mashambani mikono mgongoni. Wengi waliamua kungoja mvua ya pili kabla ya kupanda, kwa sababu mvua ya kwanza huweza kudanganya. Martini hakutaka kungoja. Alikuwa ametoa mtamba wake mmoja ili apate mbegu nzuri, na aliona kwamba akiwahi, mahindi yake yatakuwa yameshika kabla ya baridi ya Juni. Lakini hakutaka kuamua peke yake. Alikuja kwa kaka yake alasiri, udongo ukiwa umemkauka mikononi, akakataa kiti.

"Kaka, nataka neno lako," alisema. "Ardhi imelowa mpaka kiganja kinazama. Nipande, au ningoje na wenzangu?"

Clemensi alimkaribisha uji, Martini akasema atakunywa baadaye.

"Mshale unasemaje?"

Clemensi akagonga kioo. "Umeshuka."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa alasiri, nao hushuka kila alasiri.

"Kwa hiyo ipo njiani."

Neno alilopaswa kusema lilikuwa fupi, na alikuwa nalo mdomoni. Angesema sijui. Angeweza hata kumpeleka ghalani amwonyeshe ule ukuta. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama pale, yule aliyemlimia shamba miaka mitatu bila kutaja, akimtazama kama walivyokuwa wakimtazama baba yao. Clemensi alifikiri kwamba akisema hajui, macho yale yatashuka, na yeye atarudi kuwa mtu wa kuku. Neno likamkwama.

"Panda," alisema.

"Yote?"

"Yote. Usiache."

Martini alishukuru na kuondoka upesi, hata uji hakuunywa. Antonia alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Una hakika, mume wangu?"

"Mshale umeshuka."

"Nimekuuliza wewe. Sikuuliza mshale."

Akamjibu kwamba mambo ya vyombo hayajadiliwi jikoni. Antonia akamtazama kidogo, kisha akasema kwamba mbegu yake yeye itakaa stoo mpaka majirani wapande. Clemensi alikuwa na nafasi ya kumbishia. Shamba lao lilikuwa limekwisha limwa na maksai walewale, kilichobaki ni kutia mbegu tu. Hakumbishia. Alichukua mkongojo wake akaenda kutazama kuku.

Martini na Cresensia na watoto wao walipanda siku tatu mfululizo. Mahindi yaliota vizuri, safu kwa safu, na kwa muda mfupi lilikuwa ndilo shamba pekee la kijani katika mteremko ule. Watu walisimama njiani kulitazama, wengine wakijilaumu. Kisha mawingu yakaondoka. Asubuhi baada ya asubuhi Clemensi aliinua mkebe akaukuta mkavu, na ndani yake vumbi na mdudu mmoja mmoja. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja adhuhuri na kujikunjua jioni. Baadaye hayakujikunjua tena. Cresensia na Lusia walibeba maji kutoka korongoni kwa ndoo, wakamwagilia safu mbili za karibu na nyumba, mpaka maji ya korongoni nayo yakawa ya kuchimba kwa mikono. Pasaka ilipofika, Martini aliwafungulia ng'ombe wake waingie shambani wale kilichobaki.

Mwisho wa Aprili mvua ilirudi, kidogo na kwa kusitasita. Waliongoja walipanda, wakaja kupata debe mbili tatu, za kuchanganya na mahindi ya njano ya msaada. Antonia alipanda siku hizo. Martini hakuwa na cha kupanda. Alizunguka kuomba mbegu, lakini mwaka kama ule mtu hutazama mbegu yake mara mbili kabla ya kumpa hata ndugu. Antonia alimpa bakuli moja bila kumuuliza mumewe. Ilitosha kona moja tu ya shamba.

Katika siku zote hizo Martini hakumlaumu kaka yake. Alipokutana naye alimwamkia kama kawaida, na mara moja alijaribu hata kumtania kuhusu nyuki, lakini mzaha ulitoka umechoka. Clemensi alijiambia kila jioni kwamba kesho atakwenda kumwambia ukweli. Kila kesho alipata sababu. Watu walikuwa wameacha kuja kukaa kwenye benchi, si kwa hasira, bali kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyebakiwa na swali juu ya mvua.

Mwezi wa tano Martini aliamua kushuka Mang'ola kutafuta kibarua kwenye mashamba ya vitunguu. Huko bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, kuna chemchemi na mifereji, na vitunguu hulimwa hata mwaka wa ukame. Lakini kuna joto na kuna mbu, na watu wa juu wanapaogopa, kwa sababu damu yao haijazoea homa. Alipita kumuaga kaka yake, jembe begani na blanketi limefungwa kwa kamba. Clemensi alimsindikiza mpaka njia panda. Aliona kwamba hapo ndipo mahali pa kulisema, na akalianza.

"Martini, ile siku ya mshale."

"Acha, kaka," Martini alisema. "Mvua ni ya Mungu. Wewe nitunzie watoto tu."

Alisema kwa upole kabisa, na Clemensi akaupokea upole ule kama mwizi anavyopokea giza. Alimtazama mdogo wake akishuka na njia mpaka vumbi likamfunika.

Habari ililetwa na Msafiri, dereva wa lori la vitunguu, mtu wa Karatu mjini aliyemfahamu Martini kwa kuwa humo njiani walikuwa wakitaniana. Alikuja mpaka Daa kwa miguu baada ya kuliacha lori kwa fundi. Alisema Martini ana homa na hainuki, dawa za dukani huko zimekwisha, na kama kuna ndugu wa kumfuata, lori linarudi kesho alfajiri. Cresensia alikuwa na mtoto mdogo mwenye kuhara. Clemensi akasema atakwenda yeye.

Alimkuta katika kibanda cha nyasi kando ya mfereji, amelala juu ya magunia matupu, blanketi lilelile limemfunika mpaka kidevuni ingawa joto lilikuwa la kupikia. Macho yake yalikuwa ya njano. Wenzake kibandani walikuwa wamemwekea maji na uji, na uji ulikuwa umefanya utando. Alimtambua kaka yake, akatabasamu.

"Umepanda lori na huo mguu?"

"Nimepanda. Tunarudi nyumbani."

Walingoja Msafiri apakie. Clemensi alimfuta mdogo wake jasho, akamnywesha maji kwa kijiko. Martini alilala, akaamka, akazungumza na marehemu baba yao kwa Kiiraqw kuhusu ng'ombe aliyepotea, kisha akarudiwa na akili yake na kumtazama Clemensi sawasawa.

"Nyumbani imenyesha tena?"

"Bado."

"Itanyesha?"

Nje vibarua walikuwa wakipakia, na kelele zao zilisikika kwa mbali. Clemensi alishika mkono wa mdogo wake, uliokuwa mkavu na wa moto.

"Sijui, Martini," alisema. "Sijui. Na siku ile pia sikujua."

Martini alifumba macho, hata Clemensi akafikiri amelala. Kisha midomo yake ikacheza kidogo.

"Ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema hivyo," alisema.

Clemensi hakuweza kujua kama ulikuwa utani au lawama au msamaha, na hakupewa nafasi ya kuuliza. Walimpandisha juu ya magunia ya vitunguu, Clemensi akakaa amempakata kichwa. Barabara ya kupanda kutoka Mang'ola ni ya mawe na makorongo, na Msafiri aliendesha kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika mahali ambapo upepo wa juu huanza kuwa baridi. Martini alivuta pumzi ya ule upepo, ndefu, kama mtu aliyefika. Hakuvuta nyingine. Clemensi alikaa hivyohivyo mwendo mrefu kabla ya kugonga paa la lori. Msafiri alisimamisha, akapanda, akatazama, akavua kofia yake na kusema innalillahi. Halafu akampa Clemensi shuka lake la kufunikia.

Walimzika Daa, kwenye ardhi ngumu iliyowapa wachimbaji kazi mpaka adhuhuri. Padri alisema maneno mafupi kwa sababu alikuwa na mazishi mengine. Wazee waliomfariji Clemensi walimwambia amefanya wajibu wa kaka, amemfuata ndugu yake mpaka bondeni na kumrudisha mwenyewe kwa mkono wake. Alipeana nao mikono, mmoja mmoja, akiona aibu kiasi cha kushindwa kuinua uso.

Alikaa na jambo lile mpaka mwezi ukapita. Kisha akaenda kwa Cresensia, akamkuta akipepeta mahindi ya njano uani, peke yake. Alimwambia yote akiwa amesimama: ule ukuta wa ghala, mshale unaoshuka kila alasiri bila sababu, skrubu aliyoizungusha kwa kukisia, neno lililomkwama. Alisema hakutumwa na mtu, ila moyo wake umeshindwa kukaa nalo. Cresensia hakuacha kupepeta. Makapi yaliruka, punje zikaanguka, mpaka alipomaliza kusema.

"Na mbegu yenu, shemeji, siku hiyo ilikuwa wapi?"

"Stoo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Akaweka ungo chini.

"Mume wangu nilimzika akiwa amekufa kwa homa," alisema. "Watoto nimewaambia ni homa. Ningeweza kuishi na homa. Sasa wewe umebeba mzigo wako umechoka, umekuja kuutua mlangoni kwangu. Usinipe na huo niubebe, shemeji. Uchukue urudi nao."

Clemensi alijaribu kusema samahani. Cresensia akainua ungo tena na kuanza kupepeta, ingawa mahindi yalikuwa yamekwisha safika.

Kabla ya Krismasi alihama. Ndugu zake walikuja kutoka Mbulu na mkokoteni, wakapakia vyombo na watoto. Lusia, ambaye alimpenda sana Antonia, alilia kwenye kanga yake, na Antonia akampa kuku wawili. Cresensia aliagana na Antonia kwa kumkumbatia. Clemensi alipewa mkono, kwa adabu zote za mjane kwa shemeji yake mkubwa, na mkono ule ulikuwa baridi na mwepesi, ukatoka kabla hajaushika. Maksai wa Martini waliachwa Daa, kwa kuwa kule Mbulu hapakuwa na malisho yao.

Barometa Clemensi aliishusha ukutani akampelekea Hamidi, afanye anachotaka na ile shaba. Kibanda cheupe kilibomoka chenyewe mchwa walipoingia. Mkebe wa mvua ndio pekee aliouacha, akaendelea kuumimina asubuhi. Mtu akimuuliza jana imenyesha kiasi gani, alimwambia. Akimuuliza kesho, alisema hajui, na baada ya muda hawakuuliza.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa njema. Clemensi aliwafunga nira maksai wa mdogo wake, akalima mwenyewe shamba la Martini, akiburuta mguu nyuma ya plau, akianguka na kuinuka. Antonia aliongoza ng'ombe mbele na hakumwambia apumzike. Clemensi alipanda siku ambayo kila mtu alipanda. Yalipokomaa aliyavuna yote, akayapukuchua, akajaza magunia sita, akamwomba Msafiri ayafikishe Mbulu kwa Mama Lusia. Kwa watu wa huku, mtu akikuletea kitu kwenye chombo, chombo hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu unatia punje chache za maharage, au jani la mboga, ili kisirudi kikilia.

Msafiri alirudi baada ya siku chache, akapiga honi njia panda. Clemensi alichechemea kumlaki. Dereva alisema mzigo umefika salama, watoto wazima, Lusia amekua. Kisha akaingiza mkono nyuma ya kiti chake akatoa magunia sita, yamefuliwa, yamekaushwa, yamekunjwa vizuri moja juu ya jingine na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Amesema nini?" Clemensi aliuliza.

Msafiri alitazama usukani. "Hakusema neno, mzee."

Clemensi alifungua kamba palepale barabarani, akafungua gunia moja moja na kuingiza mkono mpaka pembeni, mpaka kwenye mishono. Msafiri alizima injini akamngoja. Alipomaliza la sita aliyakunja tena, matupu kama yalivyokuja, akayaweka kwapani, akamshukuru dereva, akapanda kwenda nyumbani.